Tumbo kuvurugika baada ya antibayotiki: usikimbilie vidonge

Dada wa mtaa wa Umoja uliyeniandikia, pole. Umemaliza amoksilini, antibayotiki uliyopewa kwa ajili ya jino, sasa tumbo linajaa gesi, choo ni chepesi, na muuzaji wa duka la dawa anakuhimiza ununue vidonge vyenye bakteria wazuri (probiotiki) vya shilingi elfu tatu. Weka hizo pesa kwanza.

Antibayotiki huua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wanaotusaidia tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waligundua kuwa waliomeza vidonge vya aina hiyo baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini mimi ningesubiri.

Chakula ndicho ningekisisitiza. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2021, katika utafiti wa watu wazima 36, waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10 waliongeza aina za bakteria tumboni. Kwetu Nairobi ni maziwa lala yasiyotiwa sukari. Anza na nusu kikombe. Uji mchachu ni mzuri, ila ukichemka bakteria wake hufa. Githeri na ndengu zirudishe polepole, la sivyo gesi itazidi.

Ukiona damu kwenye choo, homa, au ukiharisha mara tatu au zaidi kwa siku, nenda hospitali leo leo, wala usimeze dawa ya kufunga choo kabla ya kupimwa. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile anayestawi baada ya antibayotiki, na ni hatari. Mwenye kinga dhaifu amwone daktari kabla ya kujaribu lolote kati ya haya.