Mkuu, hiyo barua ya kustaafu usiipeleke kwanza

Umesema una miaka 54, mwakani unataka kustaafu kwa hiari kwa sababu Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma ya kale, kasema maisha si mafupi, ni sisi tunaoyapoteza. Ukauliza uanze na kitabu gani kati ya Seneca na Waroma wenzake Cicero na Marcus Aurelius, tafsiri ipi ni nzuri, na watoto uwaambieje. Nimesoma nikasikia tumbo linanikata. Maneno hayohayo ya Seneca ninayo kwenye daftari, nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu.

Mimi niliondoka na 55. Aliyeniondoa ni kocha mmoja wa maisha, wale wenye maikrofoni ya shavuni, semina ya kulipia, chai na sambusa mbili. Ukutani kaweka picha ya sanamu ya Mroma asiye na pua. Akatusomea Cicero, kile kitabu cha uzee cha mwaka 44 KK, ambamo Cicero anamfanya mzee Cato, mwanasiasa wa Roma wa zamani zaidi, mwenye miaka 84, awasimulie vijana wawili, Scipio na Laelius, raha za kuzeeka. Cato anasifia kilimo mpaka mate yanakutoka: ardhi haikatai amri, na haijawahi kurudisha ilichopewa bila riba. Ukumbi mzima makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, sijui nilidhani naongezewa mafao.

Mkupuo ukaenda kwenye matikiti. Kukodi shamba, pampu, mipira ya matone, mbegu za kopo, vibarua. Nilikuwa nakaa chini ya mwembe na kofia ya majani, najiona Cato kabisa. Siku ya mavuno dalali akaja na Fuso, akainama, akagonga tikiti kwa kifundo cha kidole, akaligeuza, akanionyesha kitundu kidogo kama cha sindano. Inzi wa matunda. Akapasua moja: ndani maji ya njano na funza wanacheza. Akataja bei ambayo hailipi hata petroli ya pampu, tena kwa upole, "mzee wangu". Riba ya ardhi ndiyo hiyo.

Sasa kilichonitia hasira si inzi. Inzi hakunitoza kiingilio. Ni kwamba baadaye, nikiwa na muda mwingi kuliko hela, nilikisoma kile kitabu chote. Ni kifupi, unakimaliza jioni moja. Sura ya tatu tu, Laelius anamwambia Cato: mzee, labda wewe uzee unakukalia vizuri kwa sababu una mali na cheo, na si kila mtu anavyo. Cato anakubali kwamba kuna ukweli hapo! Anasema kwenye ufukara uliokithiri uzee hauwezi kuwa mwepesi hata kwa mwenye hekima. Iko mwanzoni kabisa, kabla ya mambo ya shamba. Yule bwana aliiruka kama dimbwi.

Halafu Cato wa kweli aliandika kitabu chake cha kilimo, na humo hakuna ushairi. Shamba la mizeituni la iugera 240, kama ekari 150 hivi, analipangia watu 13: msimamizi, mkewe, vibarua watano, waendesha ng'ombe watatu, mwenye punda, mchunga nguruwe, mchunga kondoo. Watumwa. Na anashauri uuze ng'ombe waliozeeka, na mtumwa aliyezeeka, na mtumwa mgonjwa. Huyo ndiye mzee wetu wa busara za uzee. Sura ya mtumwa wake aliyezeeka sijaiona kwenye picha yoyote ya ukutani, wala raha yake.

Na Seneca wako? Hicho kitabu cha ufupi wa maisha kamwandikia Paulinus, msimamizi wa nafaka ya jiji zima la Roma. Kumwambia mtu wa namna hiyo apumzike ni rahisi. Seneca mwenyewe adui yake alimshutumu hadharani kwamba ndani ya miaka minne karibu na Nero, mfalme wa Roma, alikusanya sesterce (sarafu za Kiroma) milioni 300, wakati askari wa kawaida wa jeshi la Roma alilipwa 900 kwa mwaka. Piga hesabu. Alipoomba kupumzika mwaka 62 Nero alimkatalia kwa maneno matamu, na mwaka 65 akamwamuru ajiue. Afisa utumishi wako ana nafuu.

Sisemi walikuwa waongo. Kwenye barua ya 33 ya Seneca kwa rafiki yake Lucilius, Lucilius kamwomba amchagulie misemo mizuri ya wakubwa, Seneca anagoma: aibu kwa mzee kuwa na hekima ya kwenye daftari. Yule kocha anakula kwa kukata nukuu za mtu aliyekataa nukuu zikatwe! Basi kanuni yangu ni moja na sina nyingine: usihamishe hata shilingi kwa sentensi ambayo hujasoma ukurasa ulioizunguka, na hujajua aliyeiandika alikuwa na nini mfukoni.

Hata hiyo habari ya kuacha kazi, Cato wa kwenye kitabu cha Cicero haisemi. Lawama ya kwanza dhidi ya uzee anayoijibu ni kwamba unamtoa mtu kazini, na anaipinga kwa nguvu zote: nahodha ameketi nyuma na usukani, wengine wanapanda mlingoti, nani atasema hafanyi kitu? Yeye akiwa na 84 yuko kwenye kitabu cha saba cha historia yake, anasoma Kigiriki, na kila jioni anakumbuka alichosema, alichosikia na alichofanya mchana. Mzee yuko kazini, mkuu. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya mwembe.

Ukiwa unabisha, fungua sura ya tatu usome jibu la Cato kwa Laelius, kisha uje hapa utuambie una pensheni ya shilingi ngapi kwa mwezi. Na kama kuna mtu keshakutajia matikiti, mtaje alipo.