Kabla hujaondoa dosie yako: kwa mnaoanza L1 Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoanza L1, yaani mwaka wa kwanza wa chuo, mwaka huu, wengi wenu mtafika muhula wa pili mkiwa na wazo moja kichwani: kuhama. Kuacha chuo cha serikali, au taasisi ndogo ya karibu na nyumbani, mwende kule kwenye vyuo vya kulipa, kwenye majengo mapya na oditwari, yaani kumbi za masomo, zenye viyoyozi, kwenye jina ambalo mjomba akilitaja harusini watu wanageuka. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika aparitora, ofisi ya usajili wa wanafunzi, ya taasisi moja hapa mjini. Dosie, yaani faili, za wanaoondoka zimepita mikononi mwangu, na za wanaorudi pia. Simkatazi mtu kuhama. Nataka tu mjue pesa inapotelea wapi, maana wengi wanaitafuta sipo.

Kila mtu anahesabu minervali, ile ada ya mwaka. Sawa, ihesabuni. Ila hasara kubwa hujificha kwenye krediti, vile vipimo vya uzito wa kila somo. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) mwaka mmoja una krediti 60, lisansi nzima, yaani digrii ya kwanza, 180, na masta 120. Kwenye karatasi, krediti uliyopata ni yako popote uendapo. Mezani kwa juri, kamati ya walimu inayoamua, ni habari nyingine. Chuo unachoingia kinaweka releve yako, karatasi ya alama, kando ya programu yake na kulinganisha somo kwa somo. Kuna kijana wa informatika alifaulu mwaka mzima bila deni, yaani somo la kurudia, hata moja. Kwetu alikuwa na somo moja la hesabu, krediti 6. Kule wamelipasua: Aljebra krediti 4, Analizi krediti 4. Wakampa la kwanza, la pili wakamwambia alisome upya. Logiki hawakuwa nayo kabisa, kwa hiyo krediti zake zikabaki hewani. Aliponionyesha ile releve ilikuwa imejaa mistari ya kalamu nyekundu, na pembeni mtu ameandika kwa haraka "kurudia", "kurudia", "kurudia". Akaandikishwa L2 kwa jina, huku anakimbilia oditwari ya L1 kulipa madeni. Na nani alipanga ratiba akimfikiria yeye? Masomo mawili yakagongana asubuhi ile ile, akaacha moja, likahamia mwaka uliofuata.

Hapo ndipo hesabu ya baba inapovunjika. Alijipanga kulipa miaka miwili ya bei kubwa, sasa analipa mitatu.

Halafu kuna jambo la walimu, ambalo vijana hawaniamini mpaka wakalione wenyewe. Vyuo vingi vya kulipa hapa vinafundishwa na maprofesa walewale wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi cha serikali, wanaokuja kutoa saa zao na kuondoka. Na tukizungumzia jina, UNILU ilifungua milango mwaka 1956, na wahandisi wengi waliopita Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walitoka Politekiniki yake, kitivo cha uhandisi. Hapa kwetu jina kongwe na minervali kubwa havikai nyumba moja.

Mnalipia nini basi kule? Mnalipia kalenda, zaidi ya yote. Maprofesa wa serikali wakigoma, mwaka unajivuta, na mwanafunzi anaweza kukaa nyumbani akisubiri kikao cha mitihani. Chuo cha kulipa kwa kawaida kinaanza na kumaliza kwa wakati. Mnalipia pia oditwari ya watu wachache, ambamo mwalimu anaweza kukujua kwa jina, na pengine maabara yenye mashine zinazowaka kweli. Kwa mtu wa informatika au elektromekanika, maabara hiyo ina thamani. Kwa mtu wa sheria, sioni sana. Usitazame picha zao. Omba kuingia maabara siku ya kazi za vitendo, uhesabu wanafunzi wangapi kwa mashine moja.

Waulize pia waliomaliza pale: wana diploma mkononi, au bado wanatembea na atestasyoni, ile hati ya muda? Diploma ya chuo binafsi lazima ihakikishwe na wizara. Chuo ambacho promosyoni zake za nyuma, yaani waliomaliza miaka iliyopita, bado zinasubiri, hata kama kina bustani nzuri, mimi ningepita mbali.

Na anayelipa ni nani? Mji huu unakula mgodi. Mwaka 2025, mwezi wa pili, serikali ilisimamisha kobalti kuuzwa nje, kisha ikaongeza muda, na ilipofunguliwa mwezi wa kumi ikaja na kiwango maalumu kwa kila kampuni. Mzazi mwenye kandarasi ndogo ndogo za mgodi anajua maana yake nyumbani. Minervali inalipwa kwa transhi, yaani kwa awamu, na asiyemaliza transhi haandikwi kwenye mitihani. Kwa hiyo usimuulize mjomba kama anaweza kulipa mwaka huu. Atasema ndiyo, mbele za watu hawezi kusema vingine. Muulize transhi ya mwisho ya mwaka wa tatu itatoka wapi. Ongeza na nauli: ukikaa mtaa wa Ruashi na chuo kiko upande mwingine wa mji, ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku ya Mungu.

Maoni yangu, kama mnayataka: malizeni lisansi mlipo, mhame kwenye masta. Ukiwa na krediti 180 na diploma kamili, hakuna anayekupasulia somo la hesabu. Unaingia kwa mlango wa mbele, unalipa miaka miwili tu, na CV yako inabeba jina lile la mwisho, ambalo ndilo mwajiri analosoma kwanza. Isipokuwa mnaona chuo chenu kimekufa kabisa, walimu hawaji, pointi zinauzwa. Huko ondokeni mapema, mwishoni mwa L1, kabla madeni hayajawa mengi.

Mkiamua kuondoka katikati, msichukue dosie kwetu kabla chuo kipya hakijawapa karatasi yenye saini na muhuri, imetaja masomo gani yamepokelewa na mangapi yanabaki. Neno la dirishani halitoshi. Nendeni mwezi wa nane, ofisi zikiwa na nafasi. Mwezi wa kumi na moja foleni inafika barabarani, na anayewajibu ni kijana wa staji, aliyekuja kujifunza kazi.