Maswali na majibu: baleti za karne ya 20, sikilizeni nzima jamani

Wiki hii nimechukua maswali ya muziki wa okestra ulioandikiwa baleti, manake ndo yaliyoingia mengi. Wale mnaoandika "nitumie link" bila hata salamu, sijawajibu na sitawajibu.

Shikamoo. Nimesikiliza The Rite of Spring mara mbili naona kelele tupu, kosa langu nini?

Marahaba. Ulisikilizia nini? Karibu kila anayeniambia Stravinsky, mtunzi wa baleti hiyo, ni kelele nikimbana anasema spika ya simu. Ndugu yangu, hiyo ni okestra ya watu kama mia, pembe za shaba peke yake ni nane, kule chini kuna ngoma kubwa na mabesi ambayo simu haiwezi kuyatoa hata ufanyeje, kwahiyo wewe umesikia nusu ya juu tu na nusu ya juu ya kitu kile ni makelele kweli. Chukua hedifoni za waya, hata za bei ya chini, kaa mahali pametulia.

Inaanza na basuni, chombo cha kupuliza chenye sauti nzito, peke yake inaimba juu sana, juu kuliko kawaida yake, halafu filimbi na klarineti zinaingia moja moja kila moja na mambo yake. Baada ya dakika tatu na ushee hivi violini na wenzao wanashika kodi moja nzito, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wanaipiga ileile, ileile, ila mkazo unarukaruka. Hapo usikae kama uko kwenye mkutano, piga mguu chini uone mguu wako unapotezwa wapi, manake hii kitu iliandikwa ichezwe na kuna watu walitakiwa waruke kwenye mikazo hiyohiyo. Siku ya kwanza, Paris tarehe 29 Mei 1913, ukumbi ulizomea na kupiga kelele mpaka wachezaji wakawa hawaisikii okestra, ikabidi Nijinsky aliyetunga ile dansi asimame pembeni ya jukwaa anawapigia hesabu kwa sauti. Na Pierre Monteux aliyekuwa anaongoza okestra hakusimamisha, alienda mpaka mwisho.

Rekodi: anza na Pierre Boulez na okestra ya Cleveland ya 1969, kila chombo unakisikia kimekaa pake. Ukishaizoea nenda kwa Leonard Bernstein na New York Philharmonic ya 1958, ile ina moto. Stravinsky mwenyewe aliiongoza 1960, isikilize ujue mwenye mali alitakaje. Usianze na rekodi za 1929 kwasababu umesoma mahali kwamba ni za kihistoria, sauti yake itakukatisha tamaa bure.

Nina Firebird mbili, moja dakika 20 na nyingine dakika 45. Ipi feki?

Hakuna feki, ila hili swali naulizwa kila msimu na jibu liko palepale kwenye jina la rekodi, someni jina lote! Baleti kamili ya 1910 ndo hiyo ya dakika 45. Halafu Stravinsky akatoa suiti tatu za kupigwa kwenye kumbi za konsati, ya 1911, ya 1919 na ya 1945, na ya 1919 ndo inayopigwa sana. Suiti ni vipande vilivyochaguliwa, tena hiyo ya 1919 imeandikwa kwa okestra ndogo zaidi.

Na hapa ndo ugomvi wangu wa siku zote. Watu wanakaa na suiti miaka na miaka wanadhani wanaijua baleti. Ile ngoma ya mfalme Kashchei kwenye suiti inakulipukia tu, lakini kwenye baleti nzima umeshangojeshwa zaidi ya nusu saa, umeshaingizwa bustanini, umeshawasikia mabinti wakicheza, kwahiyo pigo lile likija unaruka kwelikweli. Daphnis et Chloé ya Ravel ndo inaumiza zaidi: nzima ni kama dakika 55 na ina kwaya inayoimba bila neno hata moja, ila wengi wanaijua suiti ya pili tu, robo saa na kidogo, na mara nyingi kwaya yenyewe imeachwa. Tafuta nzima aliyorekodi Monteux na London Symphony 1959, ndiye aliyeiongoza pia siku ya kwanza kabisa, Juni 1912. Utapata wapi tena ushahidi kama huo?

Dance of the Knights ya Prokofiev mbona inaanza na makodi ya kutisha kwenye rekodi moja, nyingine hakuna?

Swali zuri sana hili, huyu amesikiliza. Kwenye suiti ya pili ya Romeo and Juliet, Prokofiev aliunganisha vitu viwili. Yale makodi yanayovimba mpaka masikio yanauma halafu ghafla violini laini kabisa, ile ni amri ya Mtawala wa mji baada ya watu kupigana barabarani. Mashujaa, ndo hao Knights wa kwenye jina, wanacheza baadaye sana, usiku kwenye sherehe ya kina Juliet. Suiti mbili za kwanza ziliandikwa 1936, kabla baleti haijapanda jukwaani, mji wa Brno, Chekoslovakia, ndo ulikuwa wa kwanza kuionyesha mwisho wa 1938, na mpangilio wa suiti hizo haufuati hadithi. Ukitaka hadithi chukua nzima, Lorin Maazel na Cleveland au André Previn na London Symphony, zote za 1973. Ni saa mbili na zaidi, gawa kwa siku tatu kama vitendo vilivyo vitatu.

Je Swan Lake nayo?

Tchaikovsky alifariki 1893. Karne ya 20, jamani.

Boléro ipi nzuri? Nyingine dakika 14 nyingine 17.

Chukua ya taratibu. Ravel aliitaka taratibu na mwendo mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, na kiongozi wa okestra Toscanini alipoipiga mbio Paris 1930 Ravel alikuwepo na hakufurahi. Iliandikiwa mcheza dansi Ida Rubinstein, 1928, siyo mashindano ya mbio. Fuata ile ngoma ndogo ya gwaride, haibadilishi kitu, wengine ndo wanapokezana wimbo juu yake: filimbi, klarineti, basuni, na baadaye saksafoni.

Tahadhari: inaanza chini mno kwahiyo watu wanapandisha sauti, dakika ya kumi na tano masikio yanaungua. Nenda kwanza dakika ya mwisho, weka sauti unayoweza kuivumilia, halafu rudi mwanzo usiguse tena.

Petrushka yangu inaishia kwa kishindo, ya rafiki yangu inaisha kimyakimya.

Yako imekatwa kabla Petrushka, yule kikaragosi wa baleti hii ya Stravinsky, hajauawa. Kuna mwisho wa konsati unaofanya hivyo, siupendi hata kidogo. Mwisho wa kweli mzimu wake unatokea juu ya paa na trampeti zinamkejeli yule mchawi mwenye vikaragosi. Badilisha.

Kuna baleti za hivi zenye Afrika ndani?

La création du monde ya Darius Milhaud, Paris 1923, inasimulia uumbaji kwa hadithi za Kiafrika ambazo mwandishi Blaise Cendrars alizitoa vitabuni. Dakika kumi na tano na kitu, saksafoni imekaa mahali pa viola, ile violini kubwa kidogo, mi naipenda sana. Ila usiende ukitafuta ngoma za kwetu, muziki wenyewe ni jazi ambayo Milhaud aliisikia Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi New York, 1922, na Afrika iliyomo ni ya watu wa Paris walioisoma tu. Ipende kama Harlem na Paris, itakulipa.

Sauti inakatika kati ya kipande na kipande, ni rekodi mbovu?

Ni apu yako. Zima kuchanganya nyimbo (shuffle), zima ile ya kuunganisha nyimbo kwa kufifisha (crossfade), washa ya kucheza bila pengo (gapless). Na kama bando linasumbua, danlodi baleti moja nzima ukiwa kwenye Wi-Fi, siyo pleilisti ya vipande arobaini vya watunzi arobaini.