Usianze na watakatifu, anza na Injili ya siku

Dada wa Nachingwea, usilipe hiyo hela. Umeuliza ratiba ya sala ya nyumbani kwa Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Noeli, yenye mtakatifu wa kila siku na Maandiko, na namna ya kutengeneza shada la mishumaa minne, halafu ukataja mtu kwenye kundi la WhatsApp anayekuuzia "kifurushi cha Majilio". Nimesoma maelezo yake uliyobandika. Ni kile kile kilichopita kwenye jumuiya yetu huku upande wa Ndanda, maneno yale yale, na ahadi ya muujiza kabla ya Noeli ni ile ile. Tulichanga jumuiya nzima tukakinunua. Nimekereka kukiona tena.

Kimepangwa hivi. Kila jioni mnaanza na maisha ya mtakatifu, marefu kweli kweli. Yakiisha hayo, mnasali ile sala ya Noeli iitwayo novena ya Mtakatifu Andrea, mara 15 kila siku tangu 30 Novemba. Kisha litania, yale maombi marefu ya kuitikiana. Injili ya siku, lile somo la Injili ambalo Kanisa limelipangia siku hiyo, imewekwa mwisho kabisa, na pembeni kaandika "kama muda unaruhusu". Desemba hii ya kwetu muda unaruhusu wapi? Watu wameokota korosho tangu alfajiri, baba ameshinda chama cha msingi akifuatilia malipo, mvua ya kwanza ikianguka kila mtu anakimbilia jembe. Watoto walikuwa wanalala mkekani hata litania haijafika nusu, na Injili inasogezwa kesho. Kesho nayo inasogezwa. Ile sala ya mara 15 yenyewe haina kosa, mwenye nafasi asali. Kosa ni kuifanya mlango ambao lazima upite ndipo ulifikie Neno la Mungu.

Ilipofika 17 Desemba nyumba nzima imechoka kusali, na hapo ndipo Majilio yanapokolea! Kuanzia siku hiyo Kanisa linasoma Injili kwa mpangilio, siku kwa siku: tarehe 17 ukoo wa Yesu, 18 ndoto ya Yosefu, 19 Zakaria hekaluni, 20 Malaika Gabrieli kwa Maria, 21 Maria anapanda milimani kwa Elisabeti, 22 Moyo wangu wamtukuza Bwana, 23 kuzaliwa kwa Yohane, na asubuhi ya 24 wimbo wa Zakaria. Ni hadithi moja inayokupeleka hadi mlango wa Bethlehemu. Sisi hatukuisoma hata kipande. Binti yangu alikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Katekista akamuuliza, "Baba wa Yohane Mbatizaji ni nani?" Binti akanyamaza. Alimjua Mtakatifu Lusia, yule anayechorwa ameshika macho yake kwenye sahani, Zakaria hakumjua. Hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu Majilio ya mtoto wa umri ule hayarudi.

Na huyo muuzaji hata hajui anachouza. Kwenye 8 Desemba aliandika kwamba ndiyo siku Maria alipomchukua mimba Yesu. Si kweli! Sherehe ya Mkingiwa Dhambi ya Asili ni ya Maria mwenyewe kutungwa tumboni mwa mama yake, Mtakatifu Anna, bila doa la dhambi ya asili. Papa Pio IX aliitangaza kuwa fundisho la imani mwaka 1854. Hesabu miezi tisa kutoka hapo unafika 8 Septemba, Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Kupashwa Habari, siku Gabrieli alipomletea Maria habari na Maria akamchukua mimba Yesu, ni 25 Machi, miezi tisa kabla ya Noeli. Watu huchanganya kwa kuwa Injili ya tarehe 8 ni ile ya Gabrieli, Luka 1:26-38, lakini anayetoza watu pesa kwa ajili ya kuwafundisha imani alipaswa kumuuliza hata katekista wa kigango. Ukipotosha mafundisho ya Kanisa kwenye simu za watu wa vijijini, unajua wangapi watakurekebisha?

Kwa hiyo dada, shika hili hata kama mengine yote utayaacha: Injili ya siku inasomwa kwanza, kwa sauti, kabla ya sala nyingine yoyote. Biblia unayo. Kalenda ya liturujia, ile inayoonyesha masomo ya kila siku, ukiikosa, nenda parokiani ukanakili, na nakala hiyo itakufaa hata miaka ijayo, maana masomo ya siku za juma za Majilio karibu yote ni yale yale kila mwaka. Jumatatu ya kwanza utamkuta akida wa Kapernaumu, yule mkuu wa askari aliyemwomba Yesu amponye mtumishi wake, ambaye maneno yake tunayasema kila Misa kabla ya Komunyo. Mwambie mtoto ayatafute, uone atakavyoshtuka.

Mtakatifu anafuata, sentensi tatu au nne, basi. Tarehe 3 waambie Fransisko Ksaveri, akielekea Uhindi, alikaa Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, tangu Agosti 1541 hadi mapema 1542, na safari ilipoendelea akatia nanga Malindi. Mwaka 1552 akafa kisiwani akiitazama China aliyotamani kuifikia. Inatosha. Kuanzia 17 Kanisa lenyewe linawasogeza watakatifu pembeni. Hata Petro Kanisio wa tarehe 21, mwalimu wa Kanisa, anatajwa tu. Nawe fanya hivyo hivyo nyumbani.

Siku mliyochoka kabisa someni Injili, Baba Yetu moja, mkalale. Na hicho kifurushi, kama kimeshaingia kwenye simu yako, tafadhali usikisambaze kwa wanajumuiya wenzako. Mpelekee paroko akione.