Sarmale za Krismasi: kazi huanzia kwenye pipa la kabichi

Meza ya Krismasi ya Waromania hujaa soseji, nyama ya moshi na mkate mtamu uitwao cozonac, lakini sufuria inayosubiriwa ni ya sarmale: nyama ya kusaga na mchele, vikiviringishwa ndani ya jani la kabichi iliyochachuka. Anayekumbuka kabichi tarehe 23 Desemba amechelewa zaidi ya mwezi.

Huko Romania kabichi hutiwa pipani kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Chagua vichwa vilivyobapa kidogo, vyenye majani membamba. Chimba shina kwa kisu, jaza chumvi ya mawe kwenye shimo, kisha panga vichwa mashimo yakitazama juu. Katikati yake weka mabua ya shibiti iliyokomaa, vipande vya mzizi mkali wa hrean unaosaidia majani yasilegee, na punje chache za mahindi. Mimina maji yenye gramu 40 hadi 50 za chumvi kwa kila lita, halafu gandamiza kwa ubao na jiwe hadi vyote vizame.

Wengi huharibu baada ya hapo, kwa kuliacha pipa lilivyo. Chumvi hutuama chini, juu kukaota utando na majani yakateleza kama sabuni. Siku za mwanzo fungua bomba la chini, kinga maji, uyarudishe juu. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu. Kabichi ikishaanza kuchachuka, ihamishie penye baridi. Huwa tayari baada ya wiki nne hadi sita. Kununua iliyo tayari si aibu: masoko ya Romania huiuza, na maduka ya Waromania yaliyoko Ulaya huuza vichwa vizima kwenye mifuko.

Nyama, kwa desturi ya vijijini, hutoka kwa nguruwe aliyechinjwa siku ya Ignat (Mtakatifu Ignasi), tarehe 20 Desemba. Lakini Waorthodoksi hufunga, bila kula nyama, kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 24 Desemba, kwa hiyo mpishi anayefunga hawezi kuonja mchanganyiko wake. Dawa ni kuonja jani, maana kabichi inaruhusiwa. Likiwa la chumvi kali, loweka majani kwenye maji baridi kwa saa moja au mbili, uonje tena. Likiwa na chumvi ya kadiri, nyama itie kidogo sana au usitie kabisa.

Kwa kilo 1 ya nyama ya nguruwe yenye mafuta (isiyo na mafuta hutoa sarmale kavu, hata mchuzi uwe mwingi vipi), tumia gramu 120 za mchele wa punje fupi na vitunguu vitatu vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe hadi vilainike. Ongeza kijiko cha nyanya ya kopo, pilipili manga, shibiti na cimbru kavu, jani la kiungo. Usipoipata cimbru, taimu inafaa. Mayai hayahitajiki.

Punguza uti mnene wa jani, weka nyama kiasi cha kijiko kimoja cha kulia, viringisha, kisha sukumia ncha ndani kwa kidole. Usikaze sana: mchele huvimba na jani hupasuka.

Chini ya sufuria tandaza kabichi iliyokatwakatwa ili sarmale zisishike. Zipange zikibanana, ukichomeka vipande vya mbavu za moshi katikati. Funika kwa kabichi nyingine, mimina maji yaliyochanganywa na juisi ya nyanya hadi yazifunike, na pika kwa moto mdogo saa tatu hadi nne. Usikoroge kamwe; tikisa sufuria tu, na uongeze maji ya moto yakipungua. Moto mkubwa huzifumua.

Pika tarehe 24 mapema, maana jioni wanakuja waimbaji wa colinde, nyimbo za Krismasi, na mlangoni panatakiwa pawe na mikate ya duara, jozi, tufaha na pesa kidogo.

Sarmale zilizolala hunoga kuliko za siku hiyohiyo. Zipashe moto polepole pamoja na mchuzi wake, ule na mămăligă, ambayo ni ugali wa mahindi uliolegezwa kuliko wetu, pamoja na krimu chachu na pilipili pembeni.