Mwanangu, tia rangi kwanza

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unauliza kama umuuzie yule mnunuzi wa mbao miti mikubwa ya kipande cha juu, alipe kwa mkupuo, au umkatalie. Mimi nakuuliza jingine: miti hiyo ataichagua nani? Maana kuuza miti si kosa. Msitu mdogo kama wetu unajengwa au unabomolewa na ile miti inayobaki, na hilo nitalisema mpaka uchoke kunisikia.

Ule mwaka wa mvua nyingi wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo habari uliipata nusu nusu. Mnunuzi wa wakati ule alikuja na maneno matamu. Babako akazunguka naye, akapaka doa la rangi kwenye kila mti waliokubaliana, usawa wa kifua. Kisha tukaitwa msibani, na yule bwana hakutungoja. Tuliporudi tuliona mbingu mahali ambapo hatukuwahi kuiona. Babako akahesabu visiki, vikazidi. Yule bwana akashikilia kuwa yote ilikuwa na rangi. Tungembishia kwa ushahidi gani? Rangi ilikuwa juu, nayo ilishaondoka na magogo.

Tangu hapo babako alitia alama mbili kwenye kila mti: moja usawa wa kifua, nyingine chini kabisa penye mizizi, msumeno usikofika. Fanya hivyo hivyo. Kisiki kisicho na doa ni mti ulioibwa, na hapo hamna mjadala.

Lakini wizi nilishausamehe, au najiambia nimeusamehe. Kinachoniuma hadi leo ni jinsi alivyochagua. Alichukua iliyonyooka, minene, isiyo na matawi chini. Akatuachia iliyopinda, yenye panda, na ile iliyodumaa kivulini. Watu husema acha, hiyo myembamba bado michanga, itakua. Mingi haikuwa michanga hata kidogo. Ilikuwa na umri ule ule wa iliyokatwa, ila ilishindwa kugombania jua. Na mbegu za miaka iliyofuata zikatoka kwa hiyo hiyo. Tena alikokota magogo ardhi ikiwa matope, yakachubua miti iliyosimama. Kuna mmoja karibu na kijito niliuwekea kiganja: gome linaning'inia kama ngozi, na ndani pana unyevu, panateleza. Haukufa. Ulisimama miaka na majani yake mabichi, ukajaribu kuliziba jeraha kutoka kingoni. Tulipoukata tupate mbao za banda, shina la chini lilikuwa kahawia ndani, unalipukuchua kwa vidole. Kuvu walikuwa wameingilia palepale.

Kipande cha chini tulikipunguza wenyewe, na huko ndiko ninakotaka uende kabla hujampigia mtu simu. Babako hakuanza kwa kutafuta mti wa kukata. Alitafuta wa kubaki: shina limenyooka, kilele kipana, majani yenye afya. Akiupata anasimama chini yake, anainua uso, anatafuta ni jirani yupi anayekibana kile kilele. Huyo ndiye anayeondoka. Mmoja, pengine wawili, kisha tunasogea. Jioni shingo zilikuwa zinatuuma wote wawili, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Mvua ziliponyesha miche ikaota yenyewe kila mahali jua lilipofika chini, nami nikawa natembea kwa ncha za vidole nisiikanyage. Hakuna aliyeipanda! Ilikuwa mbegu za ile tuliyoibakiza.

Sasa utaniambia, lakini Mama, kipande cha juu nacho kimebanana. Kweli, na hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Miti iliyobanana hurefuka bila kunenepa, kwa hiyo kuiacha vilevile ni kuionea. Lakini ukiifungulia kwa ghafla, upepo wa kwanza mkali unailaza, maana ilikuwa inakingana. Na minene anayoitaka huyo bwana ndiyo inayokinga mingine. Ningekuwa mimi ningepunguza kidogo, nisubiri vilele vikutane tena, kisha nipunguze tena. Ila mimi sina ada za watoto za kulipa mwezi ujao, na wewe unazo. Kwa hiyo sisemi uza, wala sisemi usiuze.

Nitasema hili tu. Kama atakubali kukata ile uliyoitia rangi wewe, ardhi ikiwa kavu, na magogo yapite njia moja badala ya kutapakaa msitu mzima, basi keti naye mzungumze bei. Kama anashikilia kuchagua mwenyewe, unajua ninavyofikiri, na nauma ulimi.

Kuna mti mwingine pale kijitoni, ule mkavu; huo atataka kukuangushia bure, kwamba anakusaidia. Mshukuru, na mti ubaki. Hauko njiani, hautamwangukia mtu. Vigong'ota wameuchimba tundu baada ya tundu, na bundi wamelelea humo makinda, kwenye tundu kubwa linaloelekea majini. Ukiketi upande wa pili wa kijito jua likianza kushuka, utawaona wakichungulia, kichwa kimoja baada ya kingine. Wapeleke wajukuu wangu. Wasipige kelele, na wasiurushie mawe.

Ukishamaliza kuzunguka kipande cha juu na kopo lako la rangi, niandikie ni miti mingapi umeitia alama na mingapi minene umeibakiza. Huyo mnunuzi hata akipiga simu kila siku, miti haiozi kwa kungojewa.

Nisalimie mkeo na watoto.

Mama yako