Testament hawakurudi mikono mitupu

Mmeuliza wiki hii, bendi kongwe ikikaa kimya miaka kibao afu ikarudi na albamu mpya, ina la kusema au inatuuzia kumbukumbu tu? Mi naona inategemea hao watu huko walikokuwa walikuwa wanafanya nini, na mfano wangu ni Testament, bendi ya Marekani ya thrashi metali, yaani metali ya kasi na ukali, na albamu yao The Formation of Damnation ya 2008.

Kabla ya hapo albamu yao ya mwisho ya nyimbo mpya ilikuwa The Gathering, 1999. Hapo katikati, 2001, mwimbaji wao Chuck Billy akakutwa na saratani, wenzake wa thrashi metali wakafanya shoo San Francisco kumchangia matibabu, mpaka bendi zilizokuwa zimeshavunjika zikapanda jukwaani kwa ajili yake, na akapona. Sasa msikilize kwenye hii ya 2008. Kwenye albamu yao Demonic ya 1997 alikuwa ananguruma karibu mwanzo mwisho, humu ananguruma, anaimba sauti safi, anarudi kunguruma ndani ya wimbo huohuo na maneno bado unayashika. Mtu aliyetoka kuumwa vile!

Ila aliyenimaliza kabisa ni mpiga gitaa wao Alex Skolnick. Huyu aliondoka baada ya albamu ya The Ritual, 1992, akaenda New York kusomea jazi, akaanzisha na bendi yake ya watu watatu, yaani ungedhani mambo ya thrashi kashaachana nayo. Karudi na solo za gitaa zenye pumzi, zina melodi unayoweza kuifuatisha kwa mdomo, na chini yake mpiga gitaa mwenzake Eric Peterson, ambaye hajawahi kutoka kwenye bendi tangu mwanzo, anashindilia rifu, yale mapigo ya gitaa yanayojirudia, bila huruma. Anza na wimbo wa More Than Meets the Eye utanielewa.

Na sauti ya albamu, yaani ilivyorekodiwa na kuchanganywa, nayo muhimu jamani. Mwaka huohuo Metallica, bendi nyingine kubwa ya metali, walitoa albamu ya Death Magnetic, nyimbo kali kweli, lakini sauti imebanwa na kupandishwa mpaka inakwaruza, mashabiki wakawa wanatafuta toleo la kwenye Guitar Hero, gemu ya video ya kuigiza kupiga gitaa, kwa sababu lile lilikuwa safi zaidi, na mi hilo liliniuma sana. Ya Testament alimiksi (alichanganya sauti za vyombo) Andy Sneap, dramu za Paul Bostaph unazisikia moja moja.

Anayesema walibahatisha, asikilize albamu yao iliyofuata, Dark Roots of Earth ya 2012, Gene Hoglan kwenye dramu.